Charles Prentice: fundi miwani aliyewaunganisha wapima macho wa New York

Mwishoni mwa mwaka wa 1892, fundi miwani mmoja wa mji wa New York, nchini Marekani, alipokea barua kutoka kwa mganga mkubwa wa macho. Barua hiyo ilihusu dola 3 tu. Lakini kutokana na dola hizo 3 kulizaliwa chama, kisha sheria, na mwishowe kazi yenye shule zake na mitihani yake: kazi ya mpima macho. Fundi huyo aliitwa Charles F. Prentice. Kwa yeyote anayejiuliza kama kuna faida ya kulipa mchango wa chama cha kazi yake, maisha ya mtu huyu yanaweza kumsaidia kujibu.

Mtoto wa fundi

Prentice alizaliwa mwaka wa 1854 huko Brooklyn. Baba yake, James Prentice, alikuwa fundi miwani aliyetoka Uingereza na kufungua duka lake New York. Wakati ule ufundi huo ulirithiwa nyumbani kama useremala ama ufundi wa saa. Kijana alikaa karibu na mzee, akaangalia, akajaribu, akajua. Hakukuwa na diploma wala mtihani.

Kijana Charles alipitia njia nyingine kwanza. Alipelekwa Ujerumani, katika mji wa Karlsruhe, akasomea uinjinia wa mashine kuanzia mwaka wa 1871 hadi 1874. Huko alijifunza hesabu na jinsi ya kuchora na kupima vitu bila kubahatisha. Aliporudi Marekani alifanya kazi ya uinjinia, baadaye akaingia katika duka la baba yake. Alikuta mafundi wengi wanasaga vioo vizuri kwa mikono, lakini wachache wanaweza kueleza kwa hesabu kwa nini kioo hiki kinafaa na kile hakifai.

Akaanza kuandika. Mwaka wa 1886 alitoa kitabu kuhusu vioo vya miwani. Mwaka wa 1890 alipendekeza njia mpya ya kupima prizma, yaani vioo vinavyopindisha mwanga upande mmoja ili kuwasaidia watu ambao macho yao mawili hayaangalii pamoja. Kabla yake, prizma zilihesabiwa kwa pembe ya kioo chenyewe, na pembe moja iliweza kutoa matokeo tofauti kufuatana na aina ya kioo. Prentice alisema tupime kazi inayofanywa na kioo: kikisogeza mwanga sentimita 1 kwa umbali wa mita 1, hicho ni kipimo kimoja. Waganga wa macho wenyewe walikuja kutumia kipimo hicho, na kinatumika hadi leo.

Kuna pia kanuni inayobeba jina lake. Kanuni hiyo inasema kwamba mtu asipoangalia kupitia katikati ya kioo cha miwani, kioo kinageuka kuwa kama prizma. Kioo chenye nguvu ya 4 kikiwekwa milimita 5 pembeni ya mboni ya jicho, mwanga unasogea sentimita 2 kwa kila mita. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kununua miwani yenye nambari sahihi kabisa, lakini akaivaa na kuumwa kichwa kutwa nzima. Nambari ni sawa, ila vioo havikuwekwa mahali pake.

Barua ya dola 3

Siku moja Prentice alimpima mteja, akaona kuna jambo linalohitaji mganga. Akamtuma kwa Daktari Henry D. Noyes, mmoja wa waganga wa macho waliojulikana sana New York. Alifanya kama inavyotakiwa: kilichokuwa juu ya uwezo wake alikipeleka kwa mwenye uwezo.

Noyes aligundua kwamba Prentice alikuwa ametoza dola 3 kwa kupima macho. Akamwandikia kumlaumu. Kwa maoni yake, fundi miwani anauza bidhaa, na faida yake iko katika bei ya miwani. Kupima na kutoa ushauri kwa malipo ilikuwa kazi ya mganga peke yake, na asiye mganga akifanya hivyo anavunja sheria.

Prentice hakukubali. Alijibu kwamba ujuzi wake ndio aliouza, na kwamba ni heri mteja ajue analipia nini kuliko malipo ya kupima kufichwa ndani ya bei ya miwani. Waliandikiana zaidi ya mara moja. Waganga wengine waliingia katika mabishano, miongoni mwao Daktari St. John Roosa, naye hakuwa upande wa mafundi.

Tuseme kweli, waganga walikuwa na sababu ya kuogopa. Wakati ule yeyote aliweza kubeba sanduku la miwani, akapita nyumba kwa nyumba na kujiita mjuzi wa macho. Mzee aliyeanza kupofuka kwa ugonjwa aliuziwa vioo tu, na ugonjwa ukaendelea. Hakuna mkaaji wa New York aliyeweza kutofautisha fundi aliyesoma na mchuuzi aliyeokota maneno njiani. Prentice aliliona hilo vizuri. Alikuwa ameandika vitabu na kubuni kipimo kilichotumiwa na waganga, lakini mbele ya sheria yeye na mchuuzi yule walikuwa sawa.

Kutoka mtu mmoja hadi chama

Hapo ndipo Prentice alipoelewa kwamba kushinda mabishano ya barua hakutamsaidia. Hata akishinda yeye, fundi wa mtaa wa pili angebaki vilevile. Kufikia mwaka wa 1896 yeye na wenzake walikuwa wameunda chama cha mafundi miwani wa jimbo la New York, na Prentice akakiongoza. Mwaka huohuo walipeleka pendekezo la sheria katika bunge la jimbo. Walitaka liwepo baraza la kutahini kila anayetaka kupima macho, na asiyefaulu asifanye kazi hiyo.

Pendekezo hilo lilianguka. Waganga walilipinga, na hata mafundi wenyewe hawakuwa na sauti moja. Kulikuwa na waliotegemea karatasi zilizoandikwa na waganga ili kupata wateja, wakaogopa kuwaudhi. Wengine waliogopa mtihani. Fundi aliyefanya kazi miaka 20 hakupenda kuambiwa akae kwenye benchi kama mwanafunzi.

Lakini chama hakikufa. Wanachama waliendelea kukutana na kufundishana. Mwaka wa 1898 kiliundwa pia chama cha nchi nzima, ambacho baada ya kubadilisha jina kilikuja kuwa Chama cha Wapima Macho cha Marekani. Upande wa pili wa bahari, mafundi wa London walikuwa wameunda chama chao tangu mwaka wa 1895 na kuanzisha mitihani yao wenyewe bila kungoja serikali.

Wa kwanza kupata sheria hawakuwa watu wa New York. Jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya wapima macho mwaka wa 1901, na majimbo mengine yakafuata. New York ilingoja hadi mwaka wa 1908, wakati liwali wa jimbo, Charles Evans Hughes, alipotia sahihi. Kutoka pendekezo la kwanza ilikuwa imepita miaka 12. Prentice alikuwa mtu wa miaka zaidi ya 50.

Faida iliyopatikana

Mwaka wa 1910, chuo kikuu cha Columbia kilianza kufundisha upimaji wa macho. Kazi iliyokuwa ikijifunzwa nyuma ya meza ya duka ikaingia chuo kikuu. Kufikia mwaka wa 1924, majimbo yote ya Marekani pamoja na mji mkuu Washington yalikuwa na sheria zao.

Fundi aliyejiunga na chama alipata vitu ambavyo peke yake asingevipata. Alipata wenzake wa kumfundisha mambo mapya, na sauti mbele ya wabunge. Alipopewa lawama kama ile ya dola 3, hakusimama tena peke yake. Lakini faida ilikuwa na bei. Ilimbidi akubali kutahiniwa, kufuata kanuni, na kusimamishwa kazi kama ameharibu. Chama kinachotetea wanachama bila kuwachunguza kingebaki kundi la wafanyabiashara, na wabunge wasingekuwa na sababu ya kukisikiliza.

Mteja naye alipata kitu. Akiona cheti ukutani, alijua kwamba mtu huyu ametahiniwa na kwamba kuna mahali pa kupeleka malalamiko.

Mwaka wa 1926 Prentice alitoa kitabu kuhusu safari hiyo ya kutafuta sheria na kumbukumbu zake mwenyewe. Alifariki mwaka wa 1946 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Mabishano kati ya waganga wa macho na wapima macho kuhusu nani afanye nini hayakuisha naye, na katika nchi nyingi yanaendelea. Tofauti ni kwamba leo vyama vinajadiliana na vyama, na sheria iko mezani.

Kwetu pia, miwani inauzwa hospitalini, dukani na kando ya barabara, na mnunuzi hujaribu moja baada ya nyingine mpaka aone herufi. Safari ijayo ukienda kununua, muulize muuzaji maswali mawili: alijifunza wapi kupima macho, na je, atapima umbali kati ya mboni zako mbili kabla ya kukata vioo? Swali la pili ni kanuni ya Prentice. La kwanza ndilo alilohangaikia maisha yake yote, ili siku moja mteja alipate jibu bila kuuliza.