Emil Fischer (1852–1919): Mwanakemia wa Kulia na Kushoto

Emil Fischer alizaliwa tarehe 9 Oktoba, 1852, katika mji wa Euskirchen, Ujerumani. Babake, aliyekuwa mfanyabiashara, alitaka mwanawe airithi biashara ya mbao ya familia. Kijana hakuiweza wala hakuipenda, na mzee hakuwa na budi kumwachilia aende chuoni. Alisomea Bonn, kisha Strasbourg, ambako alitunukiwa shahada ya uzamifu mwaka wa 1874 chini ya Adolf von Baeyer.

Mwaka uliofuata aligundua fenilihidrazini. Kwa kemikali hiyo aliweza kupambanua sukari zilizokuwa zimewatatiza wataalamu, lakini sumu yake iliidhuru afya yake kwa miaka mingi. Mwaka wa 1894 alieleza kwamba kimeng'enya hulingana na dutu kinayoishughulikia kama kufuli na ufunguo. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1902.

Wakati huo, akiwa Berlin, alikuwa tayari amegeukia protini. Asidi amino, matofali ya protini, karibu zote huwa na maumbo mawili, moja likiwa taswira ya kioo ya jingine, mithili ya mkono wa kulia na wa kushoto. Mwili huunda protini zake kwa umbo moja tu, ilhali maabara za enzi hiyo zilitoa yote mawili yakiwa yamechanganyika. Fischer aliyatenganisha kwa kuyaunganisha na dutu za mimea zenye umbo la upande mmoja, kama vile strikinini na brusini. Mwaka wa 1901 aliipata prolini katika kaseini, protini ya maziwa. Na mwaka wa 1907 alitangaza mnyororo wa asidi amino 18.

Nyumbani, majonzi hayakumbanduka. Mkewe, Agnes, alifariki mwaka wa 1895, na wana wawili kati ya watatu walikufa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Yeye mwenyewe aliaga dunia tarehe 15 Julai, 1919.

Fischer aliijua prolini kama tofali tu. Mwaka wa 2000, Benjamin List alionyesha kwamba tofali hilo peke yake laweza kufanya kazi iliyodhaniwa kuhitaji kimeng'enya kizima. Mwaka wa 2005 vichocheo vilivyobuniwa kutokana na asidi amino vilitumiwa kutia florini katika aldehaidi: kichocheo huziba upande mmoja wa molekuli, na florini huingilia upande wa pili, hivyo umbo moja hutawala. Faida yake ni kubwa, kwani florini huweza kuifanya dawa idumu zaidi mwilini, na umbo la kulia na la kushoto la dawa moja huenda yakatenda kazi tofauti kabisa.

List na David MacMillan walituzwa Nobel mwaka wa 2021. Umbo ambalo Fischer alilitenga kwa jasho, sasa kichocheo hulichagua tangu mwanzo.