Mwenge Mkononi mwa Aliyefungiwa

Mara kwa mara huzuka katika mabaraza yetu, na hata katika ofisi zinazohusika na michezo, suala la mwanamichezo aliyetiwa hatiani, akafungiwa, kisha akarejea. Je, mtu huyo aenziwe mbele ya watu, au yatosha kuachiwa aendelee na maisha yake? Wako wanaotaka apokewe kwa ngoma na vifijo, na wako wasiotaka apewe hata mkono. Sisi tumeona vyema, kabla ya kutoa rai yetu, tuwasimulie wasomaji habari za Paavo Nurmi wa Finland, nchi ambayo wataalamu wake wa maji na wa ardhi wengi wetu tuliwahi kuwaona wakifanya kazi hapa Zanzibar.

Nurmi alizaliwa tarehe 13 Juni, 1897, katika mji wa bandari wa Turku, wakati Finland ikiwa bado chini ya Mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa seremala. Alipofariki mwaka 1910, kijana huyo, aliyekuwa mkubwa kwa ndugu zake, alilazimika kuacha skuli na kuwa mtumishi wa duka la mikate. Kazi yake ilikuwa kusukuma mkokoteni wenye mzigo mzito katika njia za mlima, na inasemekana kwamba huko ndiko miguu yake ilikopata nguvu. Mwaka 1912, Mfini mwenzake, Hannes Kolehmainen, alishinda mbio ndefu katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm. Muda si mrefu baadaye Nurmi alinunua viatu vyake vya kwanza vya kukimbilia.

Kutoka hapo hakutazama nyuma. Mwaka 1920, kule Antwerp, alipata medali tatu za dhahabu na moja ya fedha. Hata hivyo, mwaka uliomfanya ajulikane ulimwengu mzima ni 1924, katika Michezo ya Paris. Tarehe 10 Julai alishinda mita 1500, akapumzika kwa muda wa saa moja hivi, kisha akashinda mita 5000. Siku mbili baadaye zilikimbiwa mbio za nyika katika joto kali mno. Walioanza walikuwa 38, waliomaliza ni 15 tu, na wengine walianguka njiani wakachukuliwa kwa machela. Nurmi alifika wa kwanza kama mtu aliyetoka matembezini. Alirudi kwao na dhahabu tano. Alizoea kukimbia na saa mkononi, akiitazama kila mzunguko, kwani aliyekuwa akishindana naye hasa ni wakati, si watu. Hakuwa mcheshi, wala hakupenda maneno mengi.

Mwaka 1928, kule Amsterdam, alishinda mita 10,000, na akapata fedha katika mita 5000 na katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. (Wasomaji watakumbuka kuwa medali zetu mbili za Olimpiki, walizotuletea Suleiman Nyambui na Filbert Bayi kutoka Moscow mwaka 1980, ni za fedha, na ni za mbio hizo hizo mbili.) Katika mchujo wa mbio za viunzi, Nurmi aliteleza akaanguka majini. Mfaransa mmoja, Lucien Duquesne, badala ya kumpita, alisimama akamwinua. Nurmi alimlipa kwa kumwongoza mbele mpaka wakawapita wengine wote, na walipokaribia utepe akamwashiria apite yeye kwanza. Mfaransa yule alikataa. Tunaomba msomaji aliweke tukio hili akilini, maana tutalirudia.

Sasa tufike kwenye hukumu. Katika zama hizo Michezo ya Olimpiki ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Aliyepokea fedha kwa sababu ya mbio zake, ikizidi gharama za safari na chakula, alihesabiwa kuwa ameharamika. Sheria hiyo ilitungwa na watu waliokuwa na mali zao, ambao kwao kukimbia kulikuwa burudani ya jioni. Uzito wake ulimwangukia mtoto wa seremala. Mwaka 1932 Nurmi alikuwa na nia ya kukimbia marathoni kule Los Angeles, apate dhahabu yake ya mwisho kama alivyoipata Kolehmainen mwaka 1920. Lakini mwezi wa Aprili mwaka huo Shirikisho la Kimataifa la Riadha, chini ya Rais wake Sigfrid Edström wa Sweden, lilimsimamisha kwa madai kwamba alipokea fedha nyingi kupita kiasi katika mashindano ya Ujerumani mwaka 1931.

Nurmi hakukubali. Chama cha Riadha cha kwao nacho kilishikilia kuwa madai hayo hayakuthibitishwa. Alisafiri hadi Los Angeles, akaishi katika kijiji cha Olimpiki, akafanya mazoezi pamoja na wenzake. Zikiwa zimebaki siku chache tu Michezo ifunguliwe, Shirikisho lilikata shauri kwamba hatakimbia. Takriban wakimbiaji wote wa marathoni, wale wale ambao angewanyang'anya ushindi, waliwasilisha ombi kwamba aruhusiwe kushindana nao. Halikusikilizwa. Marathoni ilishindwa na Juan Carlos Zabala wa Argentina. Nurmi alirejea Finland, akawa anakimbia nchini mwake tu, na mwaka 1934 akaacha kabisa.

Haukupatikana mlango wa toba, wala muda wa kifungo uliohesabika ukaisha. Alijishughulisha na biashara, akajenga majumba ya kupangisha mjini Helsinki, akatajirika. Mwaka 1940, nchi yake ilipokuwa imevamiwa na majeshi ya Kisovieti, alikwenda Marekani na mkimbiaji Taisto Mäki kuchangisha fedha za kuwasaidia wananchi wenzake. Huenda msomaji akatabasamu hapa: aliyehukumiwa kwa kupokea fedha za mbio alitumwa na taifa lake kwenda kutafuta fedha kwa jina lile lile alilolipata kwa mbio.

Ikaja tarehe 19 Julai, 1952, siku ya kufunguliwa kwa Michezo ya Olimpiki mjini Helsinki, na mvua ilikuwa ikinyesha. Jina la mtu wa kuuingiza mwenge uwanjani lilikuwa limefichwa. Mlango ulipofunguliwa, akatokea mtu mwenye upara, umri wa miaka 55, na maelfu ya watu wakamtambua kwa mwendo wake kabla hawajaliona jina lake likiandikwa. Alizunguka, akawasha moto wa uwanjani, kisha mwenge ukapelekwa juu ya mnara kwa Kolehmainen. Sisi ambao nchi yetu hukimbiza Mwenge wa Uhuru kila mwaka twajua kwamba mwenge haukabidhiwi mtu ovyo ovyo. Na Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki aliyekuwapo uwanjani siku ile alikuwa Edström yule yule.

Je, Wafini walitenda sawa? Wapo watakaosema kwamba walidharau hukumu, na kwamba kila mkosaji sasa atasimama nyuma ya Nurmi na kudai mwenge wake. Hoja hiyo si nyepesi, na afisa wa michezo aliyekabidhiwa kulinda sheria ana haki ya kuiogopa. Lakini tulipokuwa chuoni, masheikh wetu walitufunza kwamba katika kila kesi huulizwa kwanza: nani aliyedhulumiwa? Katika kisa hiki wadhulumiwa hawaonekani. Medali zake zote tisa za dhahabu na tatu za fedha zilibaki kuwa zake. Hata waliomfungia hawakudai kwamba alizipata kwa hila. Washindani wake ndio waliomwombea. Duquesne asingemwinua mwizi.

Kinyume chake, mchezaji anayeuza mechi huwadhulumu wenzake kumi, wapinzani wake, na watu waliotembea maili kadhaa kuja kumtazama. Anayetumia dawa za kuongeza nguvu humpokonya mtu wa pili nafasi yake, na mara nyingi mtu wa pili huzeeka bila ya kurudishiwa. Watu hao wakimaliza adhabu zao, waachiwe wacheze, wafanye kazi, wasitukanwe njiani. Tunapinga vikali tabia ya kumkumbusha mtu kosa alilokwisha kulilipia. Ama heshima ya hadhara, hiyo ni jambo jingine, na rai yetu ni kwamba asiandaliwe mtu hafla kabla hawajaulizwa wale aliowakosea, na jibu lao lipewe uzito kuliko makofi ya mashabiki.

Sheria yenyewe ya ridhaa ilikufa polepole. Mwaka 2001 Shirikisho la Riadha liliondoa neno hilo katika jina lake, na mwaka 2024 liliwalipa washindi wa dhahabu wa riadha dola 50,000 kila mmoja, katika Michezo ya Paris, mji ule ule alikoshinda Nurmi mara tano.

Nurmi alifariki tarehe 2 Oktoba, 1973, baada ya kuugua moyo kwa miaka mingi. Mwaka 1968 alikuwa ameanzisha mfuko wa kugharamia utafiti wa maradhi hayo. Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa, na Rais Urho Kekkonen alihudhuria. Alizikwa Turku, mji alikokuwa akisukuma mkokoteni wa mikate.