Mfalme Sauli: Kuanza Vema, Kumaliza Vibaya

Wapendwa wakatekumeni, sikilizeni maisha ya Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli, aliyetawala karibu miaka 1000 kabla ya Kristo.

Sauli alikuwa mwana wa Kishi, wa kabila la Benyamini, kijana mzuri, mrefu kupita watu wote. Siku moja baba yake alimtuma kutafuta punda waliopotea. Alitoka nyumbani kwa ajili ya punda, akarudi amekwisha kupakwa mafuta ya ufalme kwa mkono wa nabii Samweli. Siku ya kutangazwa alijificha kati ya mizigo, maana alikuwa mnyenyekevu. Kisha aliokoa mji wa Yabeshi, ambao adui walitaka kuwang'oa wenyeji wake jicho la kuume.

Basi, alianguka namna gani? Hakuanguka siku moja. Mchwa hula nguzo polepole, ndipo nyumba huanguka.

Kwanza, huko Gilgali, aliamriwa kumngoja Samweli siku saba. Askari wake walikuwa wakitoroka kwa kuwaogopa Wafilisti. Siku ya saba akachoka kungoja, akatoa sadaka mwenyewe, kazi isiyo yake. Alipokwisha kuitoa tu, Samweli akafika.

Pili, katika vita vya Waamaleki aliamriwa asibakize kitu. Akamhifadhi mfalme wao Agagi na wanyama walionona. Alipoulizwa, alijibu kwamba ametii, huku kondoo wakilia nyuma yake. Halafu akatupa kosa juu ya watu. Mwishowe alikiri, lakini bado alitaka kuheshimiwa mbele ya wazee.

Tatu, wivu ulimshika. Daudi alisifiwa kuliko yeye, naye akamtupia mkuki. Akaamuru hata makuhani 85 wauawe, kwa sababu mkuu wao alimsaidia Daudi.

Mwishowe, yeye aliyewafukuza waaguzi katika nchi alibadili mavazi, akaenda usiku Endori kwa mwanamke aliyeita wafu. Kisha, katika vita vya mlima Gilboa, wanawe watatu waliuawa, naye akauangukia upanga wake.

Daudi naye alikosa sana: alimtwaa mke wa Uria, akamwua Uria. Lakini nabii Natani alipomwonya, hakumsingizia mtu, alikiri, akalia. Hapo ndipo njia zao zilipoachana.

Nawe unayengoja ubatizo, labda waona mafundisho ni marefu, na wenzako wengine wameacha. Siku ya saba ndiyo ngumu kupita zote, vumilia. Mtoto wako akiugua, na jamaa wakikushauri kwenda kwa mwaguzi kwa siri, kumbuka yale mavazi ya Endori. Na baada ya ubatizo, utakapopiga magoti katika kitubio, usimtaje mke wako wala jirani; taja dhambi yako.

Sauli alipokufa, adui walitundika maiti yake ukutani mwa Beti-Shani. Watu wa Yabeshi walitembea usiku kucha, wakaiondoa, wakaizika mifupa yake, wakafunga siku saba. Hawakusahau wema wake wa kwanza. Ikiwa wanadamu hawakusahau, je, Mungu atasahau? Basi tusimhukumu Sauli, bali tuombe kila siku neema ya kumaliza kama tulivyoanza.