Rais aliyepooza akajiona mzima

Wadau, leo naweka siasa zetu pembeni kidogo. Nataka kumwongelea Woodrow Wilson, rais wa 28 wa Marekani. Wengi tulimkariri kwenye somo la Historia, yeye na Ligi yake ya Mataifa, ile ambayo Tanganyika ilitoka kwa Mjerumani ikawekwa kwa Mwingereza chini ya udhamini wake. Mtihani ukapita, tukamsahau.

Kilichonirudisha kwake ni babu yangu mzaa mama. Siku moja aliamka mkono wa kushoto umekufa, mguu nao unaburuzika. Ajabu yake, mwenyewe akasema hana neno. Tukamsikiliza mzee, siku mbili zikapita ndipo tukampeleka hospitali. Kiharusi. Hata baada ya hapo, ukimwambia ainue mkono wa kushoto anakujibu ameshauinua! Ugali anakula nusu ya kulia ya sahani, nusu nyingine haigusi, halafu analalamika anapunjwa. Wengine wakasema ubishi wa uzee, wengine karogwa. Mimi nikaingia kafe kutafuta, nikakutana na Wilson.

Jamaa alizaliwa 1856 Virginia, mtoto wa mchungaji. Akawa mwalimu wa chuo, mkuu wa Princeton, gavana wa New Jersey, na 1913 akaingia Ikulu. (Msimpambe sana, serikali yake ndiyo iliyowatenga wafanyakazi weusi kwenye ofisi za umma.) Mwili ulianza kumpa dalili mapema. 1896 mkono wa kulia uliishiwa nguvu, akajifunza kuandika kwa kushoto. 1906 akaamka jicho la kushoto halioni.

Sasa 1919, vita imeisha, mkataba wa Versailles umesainiwa, Baraza la Seneti linasuasua kuupitisha. Wilson akapanda treni kuzunguka nchi akihutubia wananchi. Septemba 25, baada ya hotuba ya Pueblo, Colorado, akazidiwa, ziara ikakatishwa. Oktoba 2, akiwa Ikulu, kiharusi kikubwa kikampiga. Upande wote wa kushoto ukafa.

Wananchi wakaambiwa ni uchovu tu. Mkewe Edith na daktari wake Grayson wakaweka ulinzi, karatasi za serikali zikawa zinapita kwa mama kwanza. Desemba maseneta wawili wakaja kumchungulia kitandani. Wakamkuta mkono wa kushoto umefunikwa, wa kulia anasalimia nao vizuri tu. Wakatoka wameridhika.

Lakini yaani mwenyewe naye hakuwa anaigiza tu. Madaktari wa ubongo waliochambua habari zake miaka mingi baadaye, akiwemo Edwin Weinstein, waliona hakuutambua ugonjwa wake sawasawa. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kinapoozesha kushoto kwa mwili, na wakati mwingine kinaharibu na sehemu inayompa mtu taarifa kwamba ameharibika. Babinski, daktari wa Paris, aliipa hali hiyo jina mwaka 1914: anosognosia. Mgonjwa hadanganyi, hiyo taarifa haimfikii kabisa. Na kile cha kusahau upande mzima wa kushoto, sahani na vyote, kinaendana nayo mara nyingi.

Basi Wilson akagoma kujiuzulu. Waziri wake Lansing, aliyekuwa anaitisha vikao vya mawaziri bila yeye, akamtoa Februari 1920. Maseneta walipotaka marekebisho akakataa katakata, mkataba ukaanguka Novemba 1919 na tena Machi 1920, Marekani haikuingia kwenye Ligi mpaka inakufa. Ni kweli alikuwa mbishi tangu ujana, siwezi kukitupia kiharusi yote. Ila mtu ambaye nusu ya mwili haifanyi kazi, halafu 1920 anataka kugombea mara ya tatu? Marafiki zake ndio waliolizima hilo. Alifariki Februari 3, 1924.

Nyumbani tuliacha kubishana na babu. Mama akawa anazungusha sahani katikati ya mlo, mzee anamaliza na kushukuru. Shida ilikuwa usiku, anasimama akijua mguu ni mzima, anaanguka. Na zile siku mbili mpaka leo zinaniuma.

Aliyewahi kuuguza mzee wa namna hii atuandikie hapo chini, mlimzuiaje asinyanyuke peke yake?