Mchungaji Bodelschwingh, Mkusanya Vipande

Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana inakaribia. Huku kwetu Kibingo, kama katika Karagwe yote, watu wameanza kutazama mikungu ya ndizi iliyokomaa na kuwahesabu wageni watakaokuja. Lakini katika kila kijiji yuko mtu asiyehesabiwa. Twamfikiri hasa mwenye kifafa, ambaye wengi huogopa kula naye katika sahani moja. Kwa ajili yake twapenda kuwasimulia habari za mzee mmoja aliyelala zamani, ambaye wazee wetu walilijua jina lake: Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Betheli.

Alizaliwa Ujerumani tarehe 6 Machi 1831, katika nyumba ya wakuu. Baba yake alikuwa waziri wa mfalme wa Prussia, na mtoto huyu alicheza pamoja na yule aliyekuja kuwa Kaisari Friedrich wa Tatu. Alipokuwa kijana alisimamia mashamba, na desturi yake ilikuwa kuwagawia watoto wa wafanya kazi vijitabu vya dini. Siku moja akakisoma mwenyewe kimoja, chenye habari za mtoto maskini wa Kichina, na moyo wake ukachomwa. Akayaacha mashamba, akaenda kujifunza kazi ya uchungaji mwaka 1854. Basi kijitabu alichokusudia kumpa mwingine kilimrudia yeye, kikayageuza maisha yake.

Mwaka 1858 alikwenda Paris, akawatumikia Wajerumani maskini waliofanya kazi ya kufagia njia za mji ule mkubwa. Mwaka 1864 alirudi kwao, akawa mchungaji wa usharika wa Dellwig. Yeye na mkewe Ida walikuwa na watoto wanne. Krismasi ya mwaka 1868 ikapita. Hata Januari 1869 ugonjwa ukaingia nyumbani, na kwa muda wa majuma mawili tu watoto wote wanne wakafa. Wengine wakipatwa na msiba wa namna hii hufunga mlango na moyo pia. Yeye alikiri baadaye kwamba ni siku zile zilizomfundisha kuwahurumia watu.

Mwaka 1872 aliitwa kuiongoza nyumba ya wenye kifafa karibu na mji wa Bielefeld. Nyumba ile ilikuwa imefunguliwa mwaka 1867, nayo ikaitwa Betheli. Wakati ule wagonjwa kama hao walifichwa na kuonewa haya. Chini ya mkono wake nyumba ile ikakua hata ikawa kama mji mzima, wenye mashamba, karakana na kanisa. Hakutaka mgonjwa akae akipokea tu, maana apokeaye siku zote bila kutoa huona aibu. Kila mmoja alipewa kazi aiwezayo, ijapokuwa ndogo.

Fedha za kazi hiyo zilitoka wapi? Bodelschwingh hakuona haya kuomba, wala hakudharau kilicho kidogo. Alikumbuka jinsi Bwana, baada ya kuwashibisha watu elfu tano, alivyowaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee kitu. Kwa hiyo, karibu na mwaka 1890, alianza kuwaomba watu vipande vya nyumba zao: nguo zilizochakaa, viatu vilivyotoboka, vyombo vilivyovunjika. Wagonjwa wa Betheli walivitengeneza, na maskini wakavipata kwa bei ndogo. Hivyo yule aliyesaidiwa naye akawa msaidizi. Tena Krismasi ilipokaribia aliandika barua za kuwaombea wagonjwa wake zawadi, naye aliwashukuru waliotoa senti kama waliotoa vingi.

Mkono wake ulifika hata kwetu. Tangu mwaka 1890 alikuwa miongoni mwa viongozi wa Misioni ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1896 huko Lutindi, katika Usambara, ilifunguliwa nyumba ya watoto waliookolewa utumwani, ambayo baadaye ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Mwenyewe alifariki tarehe 2 Aprili 1910, na mwaka ule ule Mchungaji Ernst Johanssen alifika Bukoba, akawakuta Wahaya waliokwisha kulipokea Neno kutoka Buganda. Kwa njia hii Betheli ikawa jirani yetu.

Ndugu zetu, tusiseme kwamba hatuna kitu cha kutoa. Kikapu cha maharage, konzi ya senene, shati lililomwacha mtoto, kuni alizotekewa bibi mjane: hivyo ndivyo vipande vyetu. Na kwa habari ya mwenye kifafa, tujue hakika kwamba ugonjwa wake hauambukizi, wala kwa mate, wala kwa chakula, wala kwa povu limtokalo akianguka. Dawa za kuutuliza zipo, na imempasa aongozwe hospitali. Lakini siku ya Krismasi anahitaji kwanza mtu wa kumwita. Tusimpelekee chakula chake nyuma ya nyumba. Tumketishe jamvini pamoja nasi, tule naye sahani moja, tena tumpe kazi ndogo ya kuwakaribisha wageni, ili naye awe mtoaji. Mungu atujalie sikukuu njema.