Alfred Binet na Ushahidi Juu ya Akili ya Mtoto

Hakuna mwalimu afundishaye bila ya kuwa na nadharia fulani juu ya watoto. Hata yule asiyewahi kufungua kitabu cha saikolojia huamini kwamba mtoto huyu ni mwepesi na yule ni mzito. Na kwa imani hiyo humwuliza huyu maswali kila siku, na yule akamsahau. Imani ya namna hiyo ni nadharia, na kila nadharia yapasa kudaiwa ushahidi wake. Ili kulieleza jambo hili kwa walimu wanafunzi tumechagua maisha ya Alfred Binet, Mfaransa ambaye jina lake hutajwa kila panapotajwa vipimo vya akili.

Binet alizaliwa Nice, mwezi wa Julai 1857. Alihitimu masomo ya sheria mwaka 1878, lakini akayaacha, akajifunza saikolojia peke yake katika maktaba kuu ya Paris. Mwaka 1883 aliingia hospitali ya Salpêtrière, iliyoongozwa na Charcot, daktari aliyesifika Ulaya nzima. Huko yeye na mwenzake Féré waliwafanyia majaribio wagonjwa waliotiwa katika usingizi wa kupumbazwa. Wakatangaza kwamba sumaku ikisogezwa karibu na mgonjwa, dalili za ugonjwa huhama kutoka upande mmoja wa mwili hadi upande wa pili.

Mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Delboeuf, alikwenda kujionea. Aliona kwamba sumaku haikufichwa, na kwamba wapimaji walitaja matarajio yao mbele ya mgonjwa. Kumbe mgonjwa alitenda lile alilojua kuwa linatakiwa! Binet alibisha kwa miaka kadhaa, lakini mwishowe alikiri hadharani kwamba alikosea. Tangu hapo akawa mtu wa kushuku kila tokeo lililompendeza upesi.

Alianza upya nyumbani kwake, kwa kuwachunguza binti zake wawili, Madeleine na Alice. Katika makala za mwaka 1890 alieleza jinsi mtoto mdogo asiyejua kuhesabu alivyolinganisha mafungu mawili ya vidude. Vidude vya mafungu yote vilipokuwa na ukubwa sawa, mtoto alitambua vizuri fungu lipi lina vingi. Fungu moja lilipokuwa na vidude vikubwa zaidi, mtoto alidanganywa na nafasi vilivyoenea. Kosa lake lilikuwa na sababu, nayo sababu hiyo ilifundisha mengi kuliko jibu sahihi. Tena mabinti hao, waliolelewa katika nyumba moja, walifikiri kwa njia tofauti: mmoja alikuwa mwangalifu, mwingine mwenye ndoto nyingi.

Kisha Binet aliwaendea wanafunzi wa shule. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1900 alionyesha jinsi swali linavyoweza kuzaa jibu la uongo. Watoto walionyeshwa kifungo kilichobandikwa kwa gundi juu ya kadi; walipoulizwa habari za uzi uliokishikilia, wapo walioueleza uzi ambao haukuwako. Miaka hiyohiyo alipima vichwa vya wanafunzi walioitwa werevu na wale walioitwa wazito. Tofauti zilikuwa ndogo mno, za kuhesabiwa kwa milimita. Naye akahofu kwamba hata mkono wa mpimaji huweza kuelekea pale anapotarajia. Nadharia ya vichwa akaiacha.

Mwaka 1904 Waziri wa Elimu wa Ufaransa aliunda kamati ya kushughulikia watoto wasionufaika na masomo ya kawaida, na Binet akawa mjumbe. Aliona hatari iliyokuwapo: neno la mwalimu likitosha peke yake, mtoto mtundu aweza kuondolewa darasani kwa jina la upungufu wa akili. Kwa hiyo mwaka 1905 yeye na daktari Théodore Simon walitoa mfululizo wa majaribio 30, kuanzia mepesi hadi magumu. Mwaka 1908 waliyapanga kwa umri: kila jaribio liliwekwa katika umri ambao watoto wengi wa kawaida waliliweza.

Hata hivyo Binet alionya kwamba akili haipimwi kama urefu wa ubao. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtoto haiwezi kuongezwa. Madarasa maalumu yalifanya mazoezi ya kukuza usikivu, kama vile mchezo wa kusimama kimya mfano wa sanamu. Kwake kipimo kilikuwa mwanzo wa msaada.

Alifariki mwezi wa Oktoba 1911, akiwa na umri wa miaka 54. Kipimo chake kilikwisha kuvuka bahari. Goddard alikichukua Marekani mwaka 1908, na mwaka 1913 wahamiaji waliowasili New York walipimwa kwa majaribio yaliyotungiwa watoto wa Paris. Walioshindwa walihesabiwa kuwa na upungufu wa kuzaliwa nao. Maonyo ya mtungaji hayakusafiri pamoja na kipimo.

Tukienda katika mazoezi ya kufundisha, basi, tujiulize mambo haya kabla ya kuandika neno "mzito" katika ripoti ya mtoto:

(a) Nimeona nini hasa, na nimekiona mara ngapi?
(b) Je, swali langu, sauti yangu au uso wangu ulimwonyesha mtoto jibu, au ulimtisha?
(c) Je, mtoto huyu aona ubao, asikia vizuri, aielewa lugha ya swali?
(d) Kosa lake lina sababu gani katika fikira zake?
(e) Ni jambo gani, likionekana kesho, litanifanya nibadili hukumu yangu?

Mwalimu asiyekuwa na jibu la swali la mwisho hana ushahidi bado. Ripoti hukaa faili miaka mingi, na mtoto huweza kuishi chini ya neno moja hadi amalize shule.