Mzee Ford na Usukani Aliokataa Kuukabidhi
Marehemu Henry Ford, mwana wa mkulima, alizaliwa tarehe 30 Julai 1863 karibu na Dearborn, jimboni Michigan, Marekani. Kampuni yake ya magari aliianzisha mwaka 1903. Miaka kumi baadaye alipanga gari livutwe mbele ya mafundi, kila mmoja afunge kipande chake tu. Kufikia 1927 magari ya aina moja, Model T, yalikuwa yamepita milioni 15.

Penye amri ndipo alipokwama. Tangu 1919 mwanawe Edsel alikuwa rais wa kampuni kwa jina. Baba alitengua maagizo yake na kumtegemea Harry Bennett, baharia wa zamani, ambaye watu wake waliwapiga viongozi wa wafanyakazi mwaka 1937. Sisi wanajeshi twajua maana ya kikosi chenye makamanda wawili.

Edsel alifariki Mei 1943, akiwa na miaka 49. Mzee, akikaribia 80 na fahamu zimedhoofu, akakirudia kiti, hali kiwanda cha Willow Run kikiliundia jeshi ndege za mabomu. Serikali ikaingiwa na wasiwasi. Jeshi la Wanamaji likamruhusu afisa wake kijana, Henry wa Pili, mwana wa Edsel, arejee nyumbani. Babu hakung'atuka hadi Septemba 1945, baada ya mkamwana wake Eleanor kutishia kuuza hisa zake. Kazi ya kwanza ya mjukuu ilikuwa kumwondoa Bennett.

Mzee Ford alifariki nyumbani kwake usiku wa tarehe 7 Aprili 1947. Mafuriko yalikuwa yamekata umeme, na chumba kilimulikwa kwa mishumaa na taa za mafuta.